Ukuta wa Fortingall: Hija ya Wadruidi kwenye Mti wa Kale

Barabara inayotoka mji wa Aberfeldy, katika Perthshire nchini Uskoti, huelekea magharibi kando ya malisho ya kondoo, ikapita Weem na Kasri la Menzies, na kabla kilomita 15 hazijatimia msafiri huwa amefika Fortingall. Ni kijiji kidogo mno kwenye mlango wa bonde la Glen Lyon: hoteli, kanisa, na nyumba zilizoezekwa kwa matete, ambazo si kawaida katika nchi ile ya vigae vya mawe. Nyumba hizo zilisanifiwa na James MacLaren mwishoni mwa karne ya 19 kwa agizo la Sir Donald Currie, tajiri wa meli aliyeinunua ardhi ya Glen Lyon mwaka 1885. Msomaji wa pwani yetu ana njia yake ya kumfahamu Currie: Castle Line, kampuni yake, iliungana na Union Line mwaka 1900 ikazaliwa Union-Castle, ambayo meli zake zilitia nanga Mombasa na Zanzibar kwa miaka mingi. Lakini waendao Fortingall hawafuati nyumba za Currie. Wanafuata mti uliomo katika uwanja wa kanisa, ndani ya ukuta wa mawe wenye nondo. Waingereza huuita yew, na kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake, hapa nitauita myuu. Majani yake ni membamba na bapa, ya kijani kilichokoza hadi kukaribia weusi, yamepangwa safu mbili kwenye kijiti kama meno ya kitana. Gome lina wekundu wa kahawia na hubanduka magamba mepesi. Mti mzima ni sumu isipokuwa nyama laini nyekundu inayoizunguka mbegu, na mbegu yenyewe inaua. Julius Caesar aliandika kwamba Catuvolcus, mfalme wa kabila la Waeburoni wa Galia, alijiua kwa sumu ya mti huu baada ya vita vyake na Warumi kushindikana. Majani ya mti wa aina hiyohiyo ndiyo yaliyowapa wanakemia wa karne ya 20 malighafi ya docetaxel, dawa inayotibu saratani ya matiti.

Miongoni mwa wanaouzuru mti huu kwa nia ya ibada wamo Wadruidi. Zamani jina hilo lilikuwa la wanazuoni na makuhani wa Wakelti wa Galia na Britania, kabla Warumi hawajawavunja nguvu. Leo ni jina la watu wa kazi za kawaida wanaofuata njia ya kiroho yenye sherehe nane kwa mwaka, zinazokwenda na jua na majira, na wanaoamini kwamba ardhi, maji na miti vina uhai unaostahili heshima. Jumuiya yao mashuhuri kuliko zote, inayoitwa kwa Kiingereza Order of Bards, Ovates and Druids, iliasisiwa na Ross Nichols mwaka 1964. Mwaka 2010 tume inayosajili mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales iliikubali jumuiya nyingine yao, The Druid Network, kuwa taasisi ya dini. Kwa watu hawa kuuendea mti wa kale ni hija kwa maana kamili ya neno: mtu anatia nia, anaacha shughuli zake, anasafiri, anafika mahali ambapo wengine walifika kabla yake, na anarudi akitumaini kwamba amebadilika. Makala haya yanafuata njia hiyo yakiwa na swali moja: uhalali wa hija ya namna hii unatoka wapi? Jibu ninalolitetea ni kwamba unatoka kwenye umbali ambao mwenye kuhiji anakubali kuuacha kati ya mkono wake na mti. Ukuta wa Fortingall, ambao wageni wengi huuona kero, kwangu mimi ndio sehemu ya ziara iliyo karibu zaidi na ibada.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mti wenyewe. Mwaka 1769 mwanasheria Daines Barrington, aliyependa elimu ya viumbe, alipima mzingo wa shina akapata futi 52, yaani karibu mita 16. Thomas Pennant, aliyeizuru Uskoti mwaka huohuo, alitoa kipimo kikubwa zaidi, futi 56 na nusu. Shina la mita 16 huwezi kulikumbatia na rafiki zako wawili watatu. Wanatakiwa watu tisa au kumi wazima walioshikana mikono. Leo anayechungulia kupitia nondo haoni shina la namna hiyo. Anaona mashina kadhaa yaliyotengana, yenye afya na majani tele, na chini yake vigingi vifupi vilivyopigwa ardhini kufuata duara la shina la kale. Vigingi hivyo vitazame vizuri, maana ndiyo hesabu ya kilichopotea. Myuu huoza kiini kwa tabia yake unapozeeka, hivyo uwazi wa katikati si kosa la mtu. Kasi ya kupotea kwa ganda la nje, hiyo ina wenyewe. Wakati mmoja shina lilikuwa limepasuka kiasi cha kuacha njia, na maziko ya kijijini yalipita katikati yake. Vijana walikoka moto wa Beltane, sherehe ya kuingia Mei, kwenye mizizi yake. Patrick Neill aliyefika huko akaandika mwaka 1833 kwamba matawi makubwa na hata vipande vya shina vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na kuchongwa vikombe vya kunywea na vitu vingine vya ukumbusho. Ukuta ulikuwa umejengwa tangu 1785 ili kuyazuia hayo, na bado haukuwatosha waliokuwa na hamu.

Hakuna katika orodha hiyo adui hata mmoja wa mti. Aliyepitisha jeneza alikuwa akimpa marehemu wake heshima ya mwisho. Aliyekoka moto alikuwa akiyakaribisha majira mapya kama babu zake. Aliyechonga kikombe alitaka kunywa kwenye kitu kitakatifu, na aliyemuuzia alijua kwamba utakatifu huo una bei. Mti huu haukuharibiwa na shoka la mpasua mbao. Uliliwa na mapenzi, kipande baada ya kipande, kwa mikono ya watu walioamini kwamba ni wa pekee. Wala hayo hayakuisha. Mwaka 2019 wanaoutunza walilalamika hadharani kwamba wageni wanaruka ukuta, wanavunja vijiti na majani kwenda navyo, na wanafunga shanga na riboni kwenye matawi, hadi mti umeelemewa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaodhani kwamba nia njema ya mwenye kuhiji yatosha. Kwa mti wenye jina kubwa, nia njema ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu wenye nia hiyo hawaishi kuja na kila mmoja anajiona ni yeye peke yake.

Kuhusu vitambaa nitasema zaidi, kwa kuwa hapo mtetezi wa desturi ana hoja. Uskoti una mila ya kale ya kufunga vitambaa kwenye miti iliyo karibu na chemchemi za uponyaji, na mahali panapojulikana sana ni chemchemi ya Munlochy, kaskazini ya Inverness. Mgonjwa huchovya kitambaa majini, hukipitisha kwenye kiungo kinachomuuma, kisha hukifunga tawini. Kitambaa kinapooza, maradhi nayo hufifia. Mtu wa pwani aliyeona vitambaa vyekundu na vyeupe kwenye mbuyu wenye mzimu hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Lakini angalia mantiki ya mila yenyewe: nguvu yake iko kwenye kuoza. Pamba huoza, sufu huoza. Riboni ya nailoni inabaki miaka na miaka, inalikaba tawi kadiri tawi linavyonenepa, na kwa imani ya mila ileile maradhi yamefungwa hapo pamoja nayo. Kwa hiyo anayeifunga nailoni kwenye myuu wa Fortingall hawezi kusema kwamba anawafuata wazee. Zaidi ya hayo, mila ile ni ya chemchemi na vichaka vyake, ambavyo hukua upesi na kukatika bila hasara kubwa. Kuihamishia kwenye mti mmoja usio na mbadala ni uzushi wa juzi, hata kama umevaa nguo za kale.

Hapa wa kwanza kunipinga atakuwa mwanahistoria. Atasema kwamba ninabishana kuhusu adabu za hija ambayo haina msingi, maana Wadruidi wa leo hawana mnyororo unaowaunganisha na wale wa kale. Ana haki. Wadruidi wa kale hawakuandika mafundisho yao. Caesar anasema wanafunzi waliyahifadhi kichwani, wengine kwa miaka 20. Tunachokijua kimetoka kwa Wagiriki na Warumi, na wengi wao walikuwa maadui. Pliny anaeleza kuhani mwenye vazi jeupe anayepanda mwaloni na kukata kirukia kwa mundu wa dhahabu siku ya sita ya mwezi mwandamo, na mafahali wawili weupe wakichinjwa chini. Tacitus anasimulia jinsi jeshi la Suetonius Paulinus lilivyoshambulia kisiwa cha Mona, ambacho leo ni Anglesey, karibu mwaka 60, na kukata vichaka vyao vitakatifu. Baada ya hapo kuna kimya kirefu, hadi Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, alipofanya mkutano wake wa washairi Primrose Hill, London, mwaka 1792, kwa taratibu alizodai ni za kale na ambazo sehemu kubwa alizitunga mwenyewe. Profesa Ronald Hutton amefanya kazi kubwa ya kuonyesha jinsi tunavyojua machache kwa yakini kuhusu Wadruidi wa kwanza. Naongeza la kwangu: mti wa Pliny ni mwaloni, wala hakuna mwandishi wa kale aliyewaweka Wadruidi chini ya myuu wa Fortingall.

Yote hayo nayakubali, na sioni kwamba hija inaanguka. Kinachoanguka ni dai la urithi, yaani dai kwamba fulani ana haki ya kuugusa mti kwa sababu wazee wake wa kiroho waliugusa. Dai hilo likiondoka, hoja yangu inapata nguvu. Mdruidi wa leo anafika Fortingall kama mgeni, sawa na Mkristo anayeingia kanisani hapo, sawa na mtalii wa Glasgow, sawa na Mtanzania anayesoma Edinburgh. Mgeni hana ruhusa ya mwenyeji, na adabu ya ugeni anaijua kila aliyelelewa vizuri: unasubiri ukaribishwe. Wadruidi wengi wanalikiri jambo hili la upya wa dini yao bila aibu, na unyofu huo nauheshimu kuliko mavazi meupe yote ya karne ya 18.

Pingamizi la pili ni la umri. Vitabu na vibao vitakuambia miaka 2,000, au 3,000, na wapo wanaofika 5,000. Kwa kuwa kiini kimeoza, hakuna pete za kuhesabu. Wanaokadiria wanategemea mzingo uliopimwa 1769 na mwendo wa ukuaji wa miyuu mingine, na myuu hauna mwendo mmoja: huweza kulala karne nzima bila kunenepa, kisha ukaamka. Makadirio ya tahadhari hukaa karibu na miaka 2,000. Juu ya msingi huo usio imara watu wamejenga hata ngano kwamba Pontio Pilato alizaliwa hapo kijijini na kucheza kivulini mwa mti. Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26, ilhali majeshi ya Warumi hayakufika kaskazini mwa Britania hadi miongo kadhaa baadaye, wakati wa gavana Agricola. Mtu akiuliza, je, kama mti una miaka 1,500 tu, bado unastahili safari? Nauliza kwa upande wangu: ni kipi kinachopungua? Huo bado ungekuwa umeota kabla ya Magna Carta kutiwa muhuri mwaka 1215, na kabla ya karibu kila jengo linalosimama katika nchi ile. Tarakimu kubwa inawavutia wenye mabasi ya watalii. Mwenye kuhiji hana haja nayo, na akiing'ang'ania atakuwa amekuja kuona namba.

Pingamizi la tatu ni letu wenyewe, na ndilo zito zaidi kwa wasomaji wengi wa Kiswahili. Mwislamu atasema kuuelekea mti kwa ibada ni shirki. Mkristo atasema ni kuabudu kiumbe badala ya Muumba. Sitawaambia wabadili imani yao, na sidhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Ninachosema ni kwamba swali la nani aabudiwe na swali la mti utendewe nini ni maswali mawili. Kanisa la Fortingall liliuhifadhi myuu wake uwanjani karne baada ya karne bila kuuabudu, na Wales na Uingereza zimejaa makanisa yenye miyuu mikongwe kuliko kuta zake. Kwa upande mwingine, historia ya dini yenye kuheshimu miti haitoi hakikisho lolote la mti kuishi. Tumeona moto wa Beltane ulivyofanya. Mwislamu anayesimama nje ya nondo akasema subhanallah na kuondoka ameutendea mti ule wema kuliko Mdruidi anayeruka ukuta ili apake paji la uso wake utomvu.

Makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, yananisaidia kulieleza hili. Anayezuru Kaya Kinondo, kusini ya Diani, hufungwa kaniki nyeusi, huongozwa kwenye njia, na hukatazwa kutoka na kitu chochote cha msituni. Msitu ule haukulindwa na hisia za wageni. Ulilindwa na makatazo: usikate, usitoke njiani, usibebe. Palipo na wazee wenye kauli, makatazo yamesimama. Pale kauli ilipolegea, mbao na viwanja vimeumega msitu. Fortingall hakuna wazee wa kaya wa kumkemea mgeni. Kazi yao imeachiwa ukuta.

Bado kuna anayesema, tena kwa uchungu wa kweli, kwamba mti uliozungushiwa nondo ni mfungwa, na kwamba imani inayofundisha udugu na miti haiwezi kuishi kwa kutazama kutoka mbali. Je, mkono ukiwekwa taratibu juu ya gome una dhara gani? Mkono mmoja hauna dhara. Lakini tuutazame mwaloni mkubwa wa msitu wa Sherwood, Nottinghamshire, unaohusishwa na ngano za Robin Hood. Huo ulizungushiwa uzio miaka ya 1970, na sababu haikuwa visu wala moto: ni miguu. Maelfu ya watu waliosimama tu chini yake, wakiupenda, waliushindilia udongo hadi ukawa mgumu. Udongo ulioshindiliwa hauna nafasi za hewa, maji ya mvua hutiririka juu badala ya kuzama, na mizizi midogo inayonyonya chakula, ambayo hukaa karibu na uso wa ardhi, hufa kwa kukosa pumzi. Mti hauonyeshi maumivu mwaka huo wala ujao, na aliyeukanyaga hatajua kamwe. Mbele ya ukweli huo, udugu unaodai kugusa ni udugu wa upande mmoja. Na sikubali kwamba kutazama ni kitu hafifu. Imani nyingi zina pazia, kizingiti, mahali ambapo waumini wote hawapiti, na hakuna anayesema kwamba hapo ndipo ibada inapofia.

Anayesimama nje ya nondo kwa utulivu ana mengi ya kufanya. Anaweza kufuata kwa macho duara la vigingi na kuliona shina la mwaka 1769 likirudi mahali pake. Anaweza kuyatazama matawi ya chini yanavyoinama. Tawi la myuu likigusa ardhi huweza kutoa mizizi na kuwa shina jingine, ndiyo maana mti huu hauna sababu ya lazima ya kufa. Mwaka 2015 mtaalamu wa Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Edinburgh, Max Coleman, aliripoti jambo ambalo hakuna aliyeruka ukuta kulitafuta aliyelipata. Miyuu ina dume na jike, na wa Fortingall uliandikwa kuwa dume kwa mamia ya miaka. Lakini kwenye tawi moja la nje yalikutwa matunda matatu mekundu. Tawi hilo lilikuwa limegeuka jike, nalo lilionekana kwa sababu mtu alitazama kwa makini.

Mbegu za matunda hayo zilichukuliwa zioteshwe, na vipandikizi vya mti huu ni sehemu ya uzio wa miyuu unaopandwa katika bustani hiyo ya Edinburgh ili kuhifadhi vizazi vyake. Kwa hiyo anayetaka kuondoka na kitu mkononi hana sababu ya kuvunja kijiti. Kazi ya kuuzalisha mti inafanywa na wanaojua kukata bila kujeruhi. Ndugu msomaji, kama masomo, kazi au imani yako itakupeleka Perthshire, nenda Fortingall. Simama upande wa nje wa nondo, soma dua yako au kaa kimya, na kama ulibeba kitambaa, rudi nacho mfukoni.